Anachofanya H. pylori kwenye ukuta wa tumbo lako

Ukisema tumbo linakuchoma, kabla hujamaliza sentensi kuna mtu ashakwambia punguza mawazo, mwingine anakwambia acha pilipili na maharage, wa tatu anakutajia unga wa mizizi ambao shemeji yake alikunywa akapona kabisa. Nawaelewa, maana hata madaktari dunia nzima walikuwa wanaamini mambo ya mawazo na asidi mpaka miaka ya 80 huko. Ila mimi nafanya kazi maabara, vipande vya nyama ya matumbo ya watu vinapita mikononi mwangu, na inaniuma kuona mtu anatibu mawazo miaka na miaka wakati kuna bakteria anaitwa H. pylori amepanga pale ndani na kila siku anazigeuza protini za ukuta wa tumbo lake. Hapo kwenye protini ndo nataka tukae leo. Watu wengi wanadhani huyu mdudu anatafuna nyama mpaka inatoboka, na sio hivyo. Anaziacha seli zako mahali pake, zikiwa hai, alafu anazifanya zitengeneze vitu ambavyo hazikutakiwa kutengeneza na ziache kutengeneza vile zinavyotakiwa.

Tuanze na ukuta wenyewe ulivyo. Tumbo likiwa tupu asidi yake ni kali mno, pH 1 mpaka 2 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi ndo kali zaidi, 7 ni ya kati), bakteria wengi wakidumbukia humo wanakufa fasta. Sisi wenyewe hatuungui kwa sababu juu ya seli kuna ute mzito, na huo ute unatengenezwa na protini kubwa zinaitwa musini. Tumboni zipo mbili muhimu, MUC5AC inayotolewa na seli za juu juu, na MUC6 inayotolewa na tezi za chini zaidi, zote zimejaa sukari zilizobandikwa pembeni, ndo zinafanya ute uvutike na uteleze. Upande wa juu wa ute kuna asidi, ukishuka mpaka unapogusa seli pH inakaribia 7. H. pylori anataka kufika huko chini kwenye usalama, kwahiyo shida yake ni moja tu, atapitaje.

Anapita na kimeng'enya kinaitwa ureasi. Anakitengeneza kwa wingi wa kushangaza, kinaweza kufika asilimia 10 ya protini zake zote, na kinafanya kazi kwa msaada wa madini ya nikeli. Kinachukua urea, hii hii ambayo figo zinaitoa kwenye mkojo na tumboni ipo kidogo, kinaivunja inakuwa amonia na kaboni dayoksaidi, amonia inaizima asidi iliyomzunguka. Na ana kimlango kwenye utando wake kinaitwa UreI ambacho kinafunguka pale tu asidi inapozidi, ili urea iingie kwa wakati wake, maana amonia ikizidi wakati asidi haipo itamuua mwenyewe. Alafu mwaka 2009 watafiti wa Boston walionyesha kitu kingine, kwamba ute wa tumbo kwenye asidi unakuwa jeli, lakini pH ikipanda unalegea unakuwa majimaji. Yani mdudu hachimbi njia kwa nguvu za mkia wake, anaubadilisha ute unaomzunguka mpaka unampisha, na akishapita unaganda tena nyuma yake. Musini ni protini yetu, na hapo ndo ya kwanza kuguswa.

Hii ureasi mimi naiona kwa macho. Kuna kipimo tunafanya mgonjwa akishapigwa endoskopi, yani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni mpaka tumboni, daktari anatoa kipande cha nyama cha milimita mbili tatu hivi, kinaletwa, na mimi nakichomeka kwa ncha ya sindano ndani ya jeli ya njano yenye urea na rangi inayobadilika pH ikipanda. Unaziba, unaandika saa. Kwa mtu mwenye bakteria wengi hata nusu saa haijaisha unaona pembeni ya kile kipande panaanza kuwa na wekundu wa waridi, mwanzo kama doa tu, alafu unasambaa mpaka jeli yote inageuka. Hiyo ni amonia. Mwenye bakteria wachache inachukua masaa, ndo maana hatusemi hana mpaka saa 24 ziishe. Mtu amekaa kwenye benchi pale nje anasubiri majibu, pengine amehangaika na kiungulia toka yuko sekondari, na jibu lake linajiandika lenyewe kwenye kikaratasi cha plastiki kidogo kabisa. Sijawahi kuizoea ile rangi.

Kwa wasiojua, waliogundua haya ni Robin Warren na Barry Marshall, kule Perth, Australia. Warren alikuwa mtaalamu wa patholojia, akawa anaona vijidudu vilivyopinda kwenye vipande vya tumbo la watu wenye uvimbe wa ukuta wa tumbo, watu hawamwamini. Mwaka 1982 walifanikiwa kuwaotesha, tena kwa sababu sahani za kuoteshea ziliachwa siku nyingi kuliko kawaida kipindi cha sikukuu ya Pasaka. Mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria wenyewe, baada ya siku chache akaanza kutapika, endoskopi ikaonyesha ukuta wa tumbo umevimba. Nobel wakapewa mwaka 2005. Stori hii inasimuliwa sana kwa ajili ya ushujaa wa kunywa, mimi kinachonivutia ni kwamba alikuwa anatapika majimaji yasiyo na asidi. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Sasa mdudu ameshapita kwenye ute, anatakiwa ajishike asisombwe na chakula. Anashika sukari. Ana protini inaitwa BabA inayokamata sukari za aina ya Lewis b, ambazo ni ndugu wa zile sukari zinazopanga makundi ya damu, na tunazo kwenye seli za juu na kwenye MUC5AC. Kinga ya mwili ikiamka ukuta unavimba, na seli zikivimba zinabadilisha sukari zinazovaa, zinaanza kuweka kwa wingi aina inaitwa sialili-Lewis x ambayo kwenye tumbo lenye afya ni chache sana. Na mdudu ana protini ya pili, SabA, ambayo kazi yake ni kukamata hiyo hiyo sukari ya uvimbe. Hiyo ilichapishwa 2002 na watafiti wa Sweden na wenzao. Fikiria vizuri maana yake. Mwili unajibu mashambulizi kwa kubadilisha sura ya seli, na ile sura mpya inampa mdudu mahali pengine pa kushika, kwahiyo kadri tumbo linavyovimba ndivyo anavyozidi kujikita.

Afadhali tuna MUC6. Hii musini ya chini mwisho wa sukari zake kuna aina fulani ya glukosamini, na Wajapani mwaka 2004 walionyesha kwamba sukari hiyo inamzuia H. pylori kujenga ukuta wake mwenyewe, yani ni antibayotiki tunayozaliwa nayo tumboni. Ndo maana ukitazama kwenye darubini unamkuta amejaa juu kwenye MUC5AC, chini kwenye tezi za MUC6 ni wachache. Watu wanauliza kwa nini wenzao wengi wana mdudu na hawaumwi chochote, na kweli walio wengi hawapati dalili, wanaofika kwenye saratani ni mmoja mpaka watatu katika mia, na ninaamini ulinzi wa namna hii ni sehemu ya jibu ingawa haupati sifa yake.

Tuje kwenye CagA, na hapa nitakaa kidogo. Sio H. pylori wote wanayo, wanayo wale wenye kipande cha jeni kama 30 hivi kinachoitwa cag. Jeni hizo zinatengeneza kimrija kinachotoka kwenye mwili wa bakteria mpaka kwenye seli yako, na kupitia hapo anaingiza protini yake moja kwa moja ndani. CagA ikifika ndani, vimeng'enya vya seli yako mwenyewe vinaibandika fosfeti, kwa sababu imebeba alama zinazofanana na zile seli inazozijua. Ikishabandikwa inaenda kushikana na protini yetu inaitwa SHP2, ambayo kawaida inawaka pale seli inapoambiwa ikue, inazima ikiambiwa basi. CagA inaifanya iwake bila kuambiwa. Masanori Hatakeyama na wenzake wa Japani ndo waliolionyesha hili mwaka 2002, na wakaona CagA za Asia Mashariki zinaishika SHP2 kwa nguvu kuliko za Ulaya na Afrika, na saratani ya tumbo kule Japani, Korea na China iko juu sana. CagA inashika pia PAR1, protini inayoiambia seli wapi ni juu na wapi ni chini. Seli ya ukuta wa tumbo isiyojua juu na chini inarefuka, inalegea, inapoteza adabu ya kukaa kwenye mstari.

Wakati huo huo seli inapiga kelele kwa njia yake. Protini inaitwa NF-kB inaingia kwenye kiini, seli inaanza kumwaga IL-8, ambayo inaita chembe nyeupe za damu zije. Zinakuja nyingi, na silaha wanazomwaga zinaumiza seli zetu kuliko zinavyomuumiza mdudu aliyejificha kwenye ute. Hii vita inaendelea miaka 20, 30, 40, mwenye tumbo anaendelea na maisha yake.

Alafu kuna mkasi wenyewe. H. pylori anatoa kimeng'enya kinaitwa HtrA nje ya mwili wake, na mwaka 2010 ilionekana kwamba kinakata E-kadherini, protini inayoshikilia seli moja na jirani yake. Aliyewahi kumuona bibi anashona mkeka anajua ukili unasukwa peke yake, vipande virefu virefu, alafu ndo vinashonwa kimoja na kingine kwa uzi. Ukikata ule uzi ukili wote bado upo, hakuna kilichochanika, lakini huna tena kitu cha kulalia. E-kadherini ndo ule uzi. Ikikatwa asidi inapita katikati ya seli, mdudu naye anapata njia, na upande wa ndani wa seli ile protini iliyokuwa imeshikwa na E-kadherini, beta-katenini, inaachiwa huru na inaweza kwenda kwenye kiini kuwasha jeni za kukua. Ukitaka kujua uzi huu ni muhimu kiasi gani waangalie Wamaori wa New Zealand, kuna ukoo mmoja kule saratani ya tumbo ilikuwa inaua hata vijana wadogo, na mwaka 1998 ikagundulika jeni yao ya E-kadherini imeharibika tokea kuzaliwa. Wale hawakuhitaji bakteria kabisa, protini moja tu imetosha.

Nirudi kwenye asidi kama nilivyoahidi. Kwenye sehemu ya juu ya tumbo kuna seli zenye pampu inayosukuma asidi, ile ambayo omeprazoli inaizima. Mdudu akikaa sana sehemu ile, uvimbe pamoja na bakteria mwenyewe vinazifanya seli zipunguze kutengeneza hiyo pampu. Asidi inashuka. Marshall ndo kilichomtokea. Na kabla yake, Dallas kule Texas, kulikuwa na utafiti wa kupima asidi kwa watu wazima wenye afya, vifaa vinapita tumbo hili na lile, na kati ya watu 37 waliojitolea 17 wakaja kuonekana asidi yao imepotea na matumbo yamevimba. Wakaandika mwaka 1979 bila kujua nani kafanya, bakteria alikuwa hajajulikana bado. Baadaye sana damu zilizotunzwa zilipopimwa ndo mhusika akaonekana.

Lakini akikaa zaidi sehemu ya chini ya tumbo inakuwa kinyume. Pale kuna seli za homoni, za gastrini inayosema ongeza asidi na za somatostatini inayosema punguza. Somatostatini inashuka, gastrini inapanda, na kule juu pampu ni nzima kwahiyo asidi inamwagika kupita kiasi mpaka inachoma utumbo wa kwanza baada ya tumbo. Huyo ndo mtu wa vidonda vya kuamka usiku na njaa inayochoma. Bakteria ni yule yule, mmoja asidi imezidi mwingine imekwisha, na kwa bahati mbaya huyu wa asidi kwisha ambaye mara nyingi haumwi sana ndo yuko kwenye njia ya saratani. Ndo maana sipendi kabisa mtu anavyojipima kwa maumivu, eti siku hizi halinichomi nimepona.

Njia hiyo ya saratani aliichora Pelayo Correa, Mkolombia, kuanzia 1975. Uvimbe wa muda mrefu, alafu tezi zinasinyaa, alafu seli za tumbo zinaanza kugeuka kuwa za utumbo. Huko kugeuka ni protini tena: inawaka CDX2, ambayo tumboni hutakiwi kuikuta, na seli zinaanza kutoa MUC2, musini ya utumbo. Kwenye darubini unaziona kabisa seli nene zenye kibofu cha ute katikati ya tumbo, mahali ambapo sio kwao. Zile za kawaida zikisinyaa hata damu inaonyesha, maana pepsinojeni I inatolewa na tezi za juu tu na pepsinojeni II inatolewa tumbo karibu lote, kwahiyo tezi zikifa uwiano unashuka, Wajapani wanatumia hicho kipimo kuchuja watu. Pia uvimbe huu unawasha kimeng'enya kinaitwa AID ambacho kazi yake halali ni kwenye chembe za kinga kubadilisha jeni za kingamwili, kikiwaka kwenye seli ya tumbo kinaanza kuandika makosa kwenye jeni zisizohusika, ikiwemo ya p53, protini inayozuia seli isigeuke saratani. Shirika la utafiti wa saratani la WHO lilimweka mdudu huyu kundi la kwanza la visababishi vya saratani toka 1994.

Sasa sisi. H. pylori alitoka Afrika Mashariki pamoja na binadamu miaka kama 58,000 iliyopita, jeni zake zinafuata safari za watu mpaka Amerika na visiwa vya Pasifiki. Tumekaa naye muda mrefu kuliko mtu yeyote. Mwaka 1992 daktari mmoja aliandika kuhusu fumbo la Afrika, kwamba mdudu amejaa lakini saratani ya tumbo ni chache, na tokea hapo watu wanalirudia hilo kama vile tumepewa kinga. Mimi siliamini hivyo linavyosemwa. Endoskopi bara letu ni chache, anayekufa kijijini kwa kutapika damu anaandikwa tumbo, na kuna maeneo ya milimani, Kilimanjaro, Rwanda, Burundi, upande wa Kivu, ambako madaktari wameripoti saratani hii kwa wingi miaka mingi. Ila kuna kitu cha kweli ndani yake pia. Kule Nariño, Kolombia, watu wa milimani wanapata saratani ya tumbo karibu mara 25 ya watu wa pwani na wote wana mdudu. Watu wa pwani asili yao kubwa ni Afrika na bakteria wao asili ni Afrika, wa milimani ni wenyeji wa Amerika waliopata bakteria wenye asili ya kwetu kwa kiasi fulani, na ule mchanganyiko wa mtu na mdudu wasio na uhusiano wa zamani ndo unaoumiza. Mtu na mdudu waliozoeana wanaumizana kidogo. Kidogo, sio kwamba hawaumizani.

Kuna mama mmoja alinisimamisha kwenye korido siku moja, ana bahasha ya vipimo imejaa. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hebu nisaidie, hizi dawa nimekunywa dozi ya tatu sasa, kila nikipima wananiambia bado yupo."

"Pole mama. Wanakupima kinyesi au damu?"

"Damu, wananitoboa kidole hapo duka la dawa."

Kile kipimo cha kidole kinatafuta kingamwili, na kingamwili zinabaki miezi, hata miaka, baada ya mdudu kufa. Mama wa watu amekunywa antibayotiki dozi mbili pengine bila sababu, pesa imeenda, tumbo limevurugika. Nikamwelekeza akapime kinyesi, kile cha kutafuta mdudu mwenyewe, na nikamwambia aache omeprazoli wiki mbili kabla na iwe imepita angalau wiki nne toka amalize antibayotiki, la sivyo wanakuwa wamepungua tu kipimo hakiwaoni. Jamani mwambieni na mwenzenu. Na dozi ikiwa ni ya siku 14 ni 14, siku ya tano tumbo linatulia kwa sababu ya dawa ya asidi, wale wadudu bado wapo chini ya ute na waliobaki ndo wanajifunza kuizoea klarithromaisini, moja ya antibayotiki za dozi hiyo. Na sio kila kidonda ni mdudu, diklofenaki na aspirini za kila siku zinatoboa tumbo zenyewe bila msaada.

Swali ninaloulizwa zaidi ni mdudu akishakufa ukuta unarudi ulivyokuwa? Baadhi unarudi. IL-8 inashuka, chembe nyeupe zinaanza kuondoka ndani ya wiki kadhaa, gastrini inatulia, pampu za asidi zinarudi kama tezi zake hazijafa. Kwenye visiwa vya Matsu, Taiwan, walianza kupima na kutibu watu wote mwaka 2004, na saratani ya tumbo ikapungua kama kwa nusu. Tezi zilizosinyaa zinaweza kujijenga kidogo kidogo kwa miaka. Lakini yale mabaka ya MUC2, seli zilizoshageuka kuwa za utumbo, mengi yanabaki hata mdudu akiwa hayupo, na mtu ambaye mabaka yake yamesambaa tumbo zima miongozo ya Ulaya inataka arudiwe endoskopi kila miaka mitatu. Kujua yamesambaa kiasi gani kunahitaji vipande kutoka sehemu ya chini ya tumbo na sehemu ya juu, kila sehemu kwenye chupa yake imeandikwa jina, ikiletwa chupa moja vimechanganywa sisi huku hatuna namna ya kuvitenganisha.